Namba ya Mwalimu na Paa la Darasa

Ukosefu wa ajira kwa walimu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo una sura yake. Tanzania au Kenya, mwalimu asiye na ajira kwa kawaida yuko nje ya shule: amehitimu, ana cheti, anangoja nafasi zitangazwe. Kongo, mara nyingi mwalimu wa namna hiyo anafundisha kila siku, ila jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya serikali. Huitwa mwalimu wa NU, kifupi cha « nouvelle unité » (kitengo kipya), au NP, « non payé », yaani asiyelipwa. Kazi anayo, anachokosa ni mshahara. Kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, hadi sekta ya Obokote katika teritwari ya Lubutu, kaskazini mwa jimbo, kanuni zinazoamua nani alipwe na shule ipi ijengwe ni zile zile, na faili zake huishia Kinshasa.

Chanzo kiko miaka ya mwanzo ya 1990. Serikali ya Rais Mobutu iliposhindwa kulipa mishahara na walimu wakagoma, wazazi walikubali kuwachangia ili watoto warudi masomoni. Mchango huo, uliojulikana kama « prime de motivation » (posho ya motisha), ulidhaniwa kuwa wa muda, lakini ulidumu karibu miaka 30. Makanisa na jumuiya ya Kiislamu, ambayo kwa makubaliano ya mwaka 1977 husimamia sehemu kubwa ya shule za umma, yaliendelea kufungua shule mpya vijijini. Shule hizo ziliendeshwa kwa fedha za wazazi: prime ilimlipa mwalimu asiye katika orodha, ikanunua chaki, ikatengeneza paa.

Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 43, ilitamka kuwa elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wake ulingoja hadi Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Michango ilipofutwa, watoto walimiminika shuleni. Serikali ilikadiria kuwa zaidi ya milioni 4 waliingia au walirudi. Wakati huo huo, chemchemi iliyomlipa mwalimu wa NU na kukarabati darasa ilikauka. Tangu hapo serikali ina deni la aina mbili: kuwaingiza walimu hao katika orodha, na kuwatafutia nafasi watoto walioongezeka.

Kumwingiza mwalimu katika orodha, ambako walimu wenyewe huita « kumekanizwa », ni safari ya ngazi nyingi. Kwanza shule yenyewe itambuliwe kwa hati ya waziri. Kisha ipewe namba, na walimu wake wahakikiwe na idara ya mishahara ya walimu, iliyojulikana kwa muda mrefu kama SECOPE na sasa ni DINACOPE. Faili hupita kwa msimamizi wa mtandao wa shule, ofisi ya elimu ya eneo, kisha ngazi ya jimbo, kabla ya kufika Kinshasa. Mwisho wa yote, fedha zitengwe katika bajeti ya taifa. Hatua moja ikikwama, mwalimu hubaki NU hata kama ana diploma ya ualimu na miaka mingi kazini.

Orodha hiyo nayo ina historia ya udanganyifu. Mwaka 2020, wakaguzi wa fedha za serikali (Inspection Générale des Finances) walikuta humo shule hewa na walimu hewa. Kila jina la hewa hula fedha ambazo zingemlipa mwalimu aliyepo, ndiyo maana uhakiki umekuwa sehemu ya sera ya ajira. Juni mwaka huo huo, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango wa elimu ya bure, ikiwemo mishahara katika baadhi ya majimbo.

Anayelipwa naye hukabili suala la njia ya malipo. Tangu 2011 mishahara hupitishwa benki, na pasipo na benki shirika la Caritas lilipewa kazi ya kuifikisha. Katika maeneo ya msitu kama Lubutu, ambako barabara huharibika na mvua, mwalimu anayefuata mshahara mbali huacha darasa bila mtu. Kustaafu pia kuna uzito wake: mafao yasipotengwa, wazee hubaki kazini na nafasi zao hazifunguki kwa vijana wanaotoka vyuoni.

Upande wa majengo, mojawapo ya juhudi kubwa ni mpango wa maendeleo ya teritwari 145, PDL-145T, wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.6. Umekusudia kujenga zaidi ya shule 1,200, vituo vya afya na ofisi za utawala kote nchini, Lubutu ikiwa mojawapo ya teritwari saba za Maniema zinazohusika. Kasi ya ujenzi hutegemea usafirishaji: saruji na mabati yanayopelekwa ndani ya msitu hugharimu zaidi kuliko mjini. Pale jengo lisipofika, shule hugawa wanafunzi zamu mbili, asubuhi na mchana, au hutumia kanisa na madarasa ya udongo yenye paa la majani. Zamu huokoa nafasi, lakini hupunguza saa za masomo na huhitaji mwalimu wa pili, au huongeza mzigo wa yule aliyepo.

Tanzania inatoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 2021 serikali ilitumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000, kati yake 3,000 ya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama. Majengo yalikamilika kwa miezi michache. Kuwaajiri walimu wa kufundisha humo kukawa jambo la bajeti ya kila mwaka baada ya hapo. Jengo hugharamiwa mara moja, mshahara hugharamiwa kila mwezi.

Kwa sababu hiyo mapengo haya mawili hayazibiki moja moja. Shule kamili ya msingi, darasa la kwanza hadi la sita, inahitaji angalau walimu sita na direkta wake. Ikijengwa kwa mabati mapya huku walimu watatu tu wakiwa na namba, yaani wamo katika orodha ya mishahara, watatu waliobaki watalipwa na wazazi au wataondoka. Michango ikirudi, mtoto wa mzazi asiye nacho hutoka tena shuleni. Hesabu ya shule mpya Obokote, Kindu au kwingineko huwa kamili pale bajeti ya ujenzi na orodha ya mishahara zinapopangwa katika mwaka mmoja.