Pikipiki ya safari ndefu: mzigo, umeme na buibui

Ukisimama kituo cha mafuta pale Mtwapa au Mazeras mapema Jumamosi asubuhi, hukosi kuona pikipiki mbili tatu zilizofungwa mizigo, zikijazwa tayari kwa safari ya Malindi, Voi au Lunga Lunga. Chache ni zile kubwa zilizoundwa kwa safari tangu kiwandani. Nyingi ni zile zile za CC 125 na 150 tuzijuazo mitaani, ambazo wenyewe wamezipeleka kwa fundi zikaongezwa karia, sanduku, taa za kumulika mbali na vyuma vya kukinga injini. Ukiingia Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kuna wanaotoka Mombasa hadi Mokowe, takriban kilomita 340, wakaacha pikipiki huko na kuvuka kwa boti kwenda Lamu. Na mara nyingi nyuma amekaa mke, dada au mama.

Mimi pia ni mpanda pikipiki, na swali ninaloulizwa sana na vijana ni hili: niongeze nini? Jibu langu ni kwamba kila unachoongeza kinakula akiba ya kitu kingine, iwe ni uzani, umeme au uwezo wa breki. Hata pikipiki kubwa ya safari haiko nje ya hesabu hiyo, ila yenyewe huanza na akiba kubwa. BMW R 1250 GS Adventure, kwa mfano, ina tanki la lita 30, na fremu, breki na mtambo wake wa umeme vimepangwa tangu mwanzo kubeba watu wawili na masanduku. Pikipiki ya CC 150 haikupangwa hivyo. Yaweza kufika Mokowe na kurudi salama, lakini kwa hesabu.

Hesabu ya kilo

Kila pikipiki ina kiwango cha uzani inachoruhusiwa kubeba, na kitabu chake hukitaja. Kiwango hicho ni cha kila kitu kinachokaa juu yake: mwendeshaji, abiria, mizigo na vyuma ulivyoongeza. Tuseme kitabu chako kinaruhusu kilo 150. Wewe una kilo 75, abiria wako 62. Zimebaki 13. Karia ya chuma pamoja na sanduku tupu vyaweza kufika kilo 8 bila shida. Umebakiwa na kilo 5, na bado hujatia nguo, maji wala mafuta ya akiba. Galoni ya lita 5 ya petroli peke yake ni karibu kilo 4. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa mwenzio ni pikipiki: wewe huusikii uzito, lakini shokabu, rimu na tairi ya nyuma zinausikia.

Mahali unapouweka mzigo nako kuna hesabu yake. Kizito kikae chini na karibu na katikati ya pikipiki. Mikoba ya pembeni ilingane uzani kulia na kushoto. Ukirundika kila kitu kwenye sanduku lililoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na upepo wa ubavuni katika nyika iliyo wazi kati ya Malindi na Garsen utakusukuma huku na huko. Sanduku la nyuma litumie kwa vyepesi: koti la mvua, kanzu, chaja.

Na karia ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyowekwa na kiwanda. Usikubali ichomelewe kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma pale pale kwenye kiungo, na mtikisiko wa barabara huanzisha ufa ambao hutauona kwa sababu umefunikwa na rangi. Ikiwa fundi anachomelea kitu chochote karibu na pikipiki, mwambie kwanza aikate betri.

Hesabu ya umeme

Taa za ziada zinapendeza, na usiku zinasaidia. Lakini pikipiki ndogo inazalisha umeme kidogo, ukatosha taa zake, plagi na kuchaji betri, na ziada si nyingi. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja na chaja ya simu ya wati 10 ni wati 50. Kwa betri ya volti 12, hizo ni zaidi ya ampea 4 mfululizo. Ukienda mwendo wa pole kwenye foleni ya Kongowea huku zote zinawaka, huenda betri inatoa kuliko inavyopokea.

Kupima ni rahisi, fundi yeyote wa umeme ana mita. Injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa kawaida na taa zote zimewashwa, betri iliyo salama husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya 13, umezidisha. Taa za ziada ziwe na fyuzi yake, relei yake na swichi yake, na waya zipite mbali na bomba la moshi na mahali usukani unapokunjia. Waya iliyofungwa kwa selotepu na kubanwa chini ya tanki ndiyo huanza kunuka moshi ukiwa porini saa mbili usiku. Na taa zielekezwe chini, zisimpofushe dereva wa lori anayekuja mbele yako.

Buibui na gurudumu la nyuma

Hili sioni likizungumzwa, na kwetu Pwani ndilo lingekuwa la kwanza. Kanuni za magari za India zinataka pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe, pamoja na mahali pa kushika na pa kuweka miguu. Kule waliwaza sari. Sisi tuna buibui, abaya, leso na kanzu, na pikipiki nyingi tunazotumia ni za India. Lakini kinga ile ya vyuma pembeni ya gurudumu, kama pikipiki ilikuja nayo, mara nyingi ndiyo ya kwanza kung'olewa ili mkoba wa pembeni ukae vizuri. Wengine hung'oa na kifuniko cha cheni kwa sababu eti kinapiga kelele.

Pindo la buibui likishikwa na spoku au cheni, gurudumu haliachii. Linalivuta kwa kasi ile ile linayozungukia, na anayevutwa ni aliye ndani ya nguo. Kwa hiyo ikiwa utafanya marekebisho moja tu kabla ya kumbeba mtu wa nyumbani safari ndefu, yawe haya: rudisha kifuniko cha cheni, mwambie fundi akutengenezee wavu wa chuma wa kufunika nusu ya juu ya gurudumu pande zote mbili, na mkoba ukae nje ya wavu huo. Kazi yake ni ya saa chache na chuma chembamba. Abiria akae miguu pande mbili, avae suruali ndani, pindo alikunje na kulikalia, na mtandio auingize ndani ya jaketi. Akikaa upande, hana pa kukanyaga vizuri wala namna ya kujishika ukifunga breki ghafla. Tukiona haya kuyasema haya nyumbani, tutayasema hospitali.

Tairi, cheni na breki

Hivi vitatu havionekani kwenye picha, lakini pesa ya kwanza iende kwavyo. Angalia ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake tairi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka dukani au juani hukauka na kupasuka hata kama makucha yake ni mapya. Upepo upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi, na ukibeba abiria uongezwe nyuma kama kitabu kinavyosema. Tairi yenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na joto ndilo hupasua. Beba tyubu ya akiba, pampu na spana inayofungua ekseli, na ujue kuzitumia kabla ya safari.

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi. Usitumie petroli, kwani inaharibu mipira midogo ya ndani kwa cheni zenye mipira hiyo. Ipake oili ya gia baada ya safari ikiwa ingali na joto, ufute iliyozidi, kwa sababu oili nyingi hushika mchanga na mchanga husaga. Ulegevu wake kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama milimita 25 hadi 35, lakini fuata kitabu chako. Kumbuka kuwa abiria na mizigo vinapokaa, gurudumu la nyuma hupanda na cheni hukaza. Kwa hivyo iliyoonekana sawa pikipiki ikiwa tupu yaweza kukaza kupita kiasi ikishapakiwa. Ijaribu watu wakiwa wamekaa.

Kuna wanaobadilisha sproketi ya mbele wakaweka kubwa ili injini izunguke polepole kwenye barabara kuu. Kwenye tambarare ya Kilifi utafurahi. Ukifika mlima wa Mazeras na abiria nyuma, injini itakosa nguvu, utashuka gia, na lori liko mgongoni kwako.

Breki ndiyo hesabu ya mwisho. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde, na sekunde ya kwanza huisha kabla mkono haujashika breki. Baada ya hapo, mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama huongezeka mara nne. Uzani wa ziada huipa breki joto zaidi, hasa breki ya dramu. Kama ya mbele ni ya diski, mafuta yake hunyonya unyevu wa hewa hata ukiwa umeegesha, na hewa yetu ni ya unyevu. Yabadilishe kila miaka miwili hata kama hujasafiri.

Oili ya injini nayo isiwe ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kulainisha vinavyoifanya iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2.

Chumvi

Pikipiki ya Nairobi na ya Pwani hazizeeki sawa. Ukitoka ufuoni, ukivuka feri ya Likoni, au ukiiacha siku tatu karibu na gati la Mokowe, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiielekeze mashine ya kuoshea yenye nguvu kwenye bearingi za magurudumu na cheni, kwani hufukuza grisi na kuingiza maji. Vituo vya betri vipakwe grisi. Bolti za karia zikaguliwe kila mwezi, maana kutu huanzia chini ya washa ambapo macho hayafiki.

Karatasi

Leseni ya pikipiki ya binafsi ni daraja la A2, na ya kubebea abiria kwa malipo ni A3. Sheria yetu inaruhusu abiria mmoja tu, na nyote wawili mvae helmeti na reflekta. Bima ya mtu wa tatu ni lazima, na ukivuka Lunga Lunga kwenda Tanga chukua Kadi ya Njano ya COMESA ili bima yako itambulike upande wa pili. Ukibadilisha rangi au injini, andikisha mabadiliko hayo NTSA. Siku ya ajali, kampuni ya bima italinganisha pikipiki iliyo barabarani na ile iliyo kwenye karatasi.

Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Kwa hiyo mwenye shilingi za kuanzia azitumie kwa mpangilio huu: tairi na breki, cheni, wavu wa gurudumu la nyuma, helmeti mbili nzuri, kisha karia ya bolti. Taa na sanduku zifuate, kama hesabu ya kilo na ya umeme bado inaruhusu. Siku mbili kabla ya safari, pakia kila kitu pamoja na abiria wako, mwende hadi mtaa wa pili na kurudi, halafu kaza tena bolti zote. Zitakazokuwa zimelegea ndizo zingekuacha njiani.