Betri Mbovu na Udongo Wetu
Ndugu wakazi wa Nakivale, tunawasihi msivunje betri mbovu za sola au magari nyumbani. Zina madini ya risasi, yasiyooza. Hubaki udongoni na kudhuru ubongo wa watoto wanaocheza hapo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Je, udongo husafishika? Wataalamu hutengeneza kitosani kutokana na magamba ya kaa na kamba. Chembe zake ndogo mno, zikichanganywa na udongo wa mfinyanzi, hunasa risasi. Hata hivyo, kazi hiyo ni ya kitaalamu. Kinga ni bora: betri mbovu irudisheni kwa muuzaji ikiwa nzima, na mkiona zinavunjwa karibu na makazi, tuarifuni kituoni.