Banda la bata

Banda la bata ni nyumba ndogo inayojengwa ili kuwalaza na kuwalinda bata wanaofugwa nyumbani. Mara nyingi hujengwa na mfugaji mwenyewe kwa vifaa vinavyopatikana karibu, kama vile mbao, fito, mabati, makuti, matofali au udongo. Kazi zake kuu ni nne: kuwazuia wanyama wanaowinda usiku, kuwakinga bata na mvua na jua kali, kuwapa mahali pakavu pa kulala, na kuwawezesha kutaga mahali ambapo mayai yataonekana.

Watu wengi huwalaza bata katika banda la kuku. Jambo hilo huwezekana, lakini ndege hawa wawili hawaishi kwa namna moja. Kuku hulala juu ya kitegemeo, hupenda sakafu kavu na hunywa maji kidogo kidogo. Bata wengi hulala chini, humwaga maji kila wanaponywa, na kinyesi chao huwa majimaji. Banda lisilozingatia tofauti hizo hulowa na kunuka kwa muda mfupi.

## Bata na mahitaji yao

Bata wanaofugwa duniani wanatokana na spishi mbili. Ya kwanza ni Anas platyrhynchos, iliyozaa aina kama Pekin, Khaki Campbell na Indian Runner. Ya pili ni Cairina moschata, yaani bata wa Muskovi, mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Huyu wa pili ndiye anayeonekana sana katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki.

Tofauti ya spishi hizo inahusu banda moja kwa moja. Bata wa jamii ya Pekin ni wazito, hawaruki vizuri na hulala sakafuni. Bata wa Muskovi ana kucha kali, na jike lake huweza kuruka juu ya uzio na kulala juu ya mti au paa. Kwa hiyo banda lake huweza kuwekewa gogo pana la kulalia, kimo cha sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafuni, na uwanja wake huhitaji kufunikwa kwa wavu juu. Wafugaji wengine hupunguza manyoya marefu ya bawa moja ili asiruke.

Miguu ya bata ni laini. Sakafu ya wavu wa chuma, mawe yenye ncha au zege lililokwaruza huichubua, na bakteria kama Staphylococcus huingia katika kidonda na kusababisha uvimbe chini ya wayo. Bata mwenye uvimbe huo huchechemea na kushindwa kufuata wenzake kwenye chakula.

## Maadui

Bata ni windo rahisi. Hapandi mtini kwa haraka, hana mdomo wa kujitetea, na akilala sakafuni huweza kufikiwa kupitia tundu lolote la ukuta. Katika Afrika ya Mashariki maadui wake wakuu ni hawa:

* Kanu, fungo na kicheche, ambao huja usiku. Kanu ni mwembamba na hupenya nafasi ndogo.
* Nguchiro, ambaye huwinda mchana na hupenda pia mayai.
* Nyegere, mwenye nguvu ya kuchimba chini ya ukuta na kubomoa mbao dhaifu.
* Kenge na chatu, hasa karibu na mito na mabwawa.
* Mwewe na kunguru, ambao hunyakua vifaranga mchana.
* Mbwa na paka wa jirani, pamoja na panya wanaokula mayai na vifaranga.
* Siafu, ambao msafara wao ukiingia ndani ya banda lililofungwa, bata hawana pa kukimbilia.

Wavu mwepesi wa kuku wenye matundu makubwa huwazuia bata wasitoke, lakini hauwazuii maadui wasiingie. Kanu huingiza mkono na kumvuta bata aliyelala kando ya ukuta, na mbwa huupasua kwa meno. Kwa sababu hiyo wavu imara wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 hadi 1.5 hupendekezwa, angalau katika sehemu za chini.

## Mahali pa kujenga

Mahali pazuri ni palipoinuka kidogo, pasipotuama maji wakati wa masika, penye kivuli cha mti mchana na karibu na nyumba ya watu ili kelele za usiku zisikike. Upande mrefu wa banda huelekezwa mashariki hadi magharibi. Kwa mpangilio huo jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta fupi tu, na ndani hubaki na ubaridi. Upande unaopigwa na mvua ya upepo hujengwa ukuta usio na nafasi wazi.

Banda lisijengwe mahali ambapo maji yake machafu yatatiririkia kisimani.

## Vipimo

Bata mmoja mzima huhitaji nafasi ya mita ya mraba 0.4 hadi 0.5 ya kulala. Uwanja wa mchana ukiwa umezungushiwa uzio, kila bata apate angalau mita ya mraba 1, na zaidi ikiwezekana, kwa kuwa uwanja mdogo hugeuka tope. Kwa bata sita, yaani dume mmoja na majike watano, banda la mita 2 kwa mita 1.5 linatosha: eneo lake ni mita za mraba 3, sawa na 0.5 kwa kila bata.

Mlango wa bata huwa mpana kuliko wa kuku, sentimita 40 hadi 50, kwa sababu bata hutoka wote kwa pamoja wakisukumana. Mlango mwembamba huwajeruhi miguu na mabawa.

## Namna ya kujenga

Hatua zifuatazo ni za banda la bata sita lenye vipimo vilivyotajwa.

1. Kusafisha na kupima. Nyasi huondolewa, mstatili wa mita 2 kwa 1.5 hupimwa kwa kamba na vigingi. Pembe ni sawa iwapo mistari miwili ya mshazari ina urefu sawa, yaani mita 2.5 kila mmoja.
2. Nguzo. Nguzo sita husimikwa kwa kina cha sentimita 50: nne kwenye pembe na mbili katikati ya pande ndefu. Za mbele huwa na kimo cha mita 1.5 juu ya sakafu na za nyuma mita 1.2, ili paa literemke nyuma. Sehemu inayoingia ardhini hukingwa na mchwa kwa dawa ya mbao, na dawa hiyo huachwa ikauke kabisa kabla ya bata kuingizwa.
3. Sakafu. Mawe hupangwa na kushindiliwa mpaka yainuke kiasi cha sentimita 10 juu ya ardhi, kisha hutandazwa zege la sentimita 5. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha. Sakafu huteremshwa sentimita 3 hadi 4 kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke, na husawazishwa isikwaruze. Sakafu hiyo pia humzuia nyegere na panya kuchimba kutoka chini.
4. Kuta. Sentimita 60 za chini huzibwa kabisa kwa mbao, matofali au udongo. Bata hulala chini, hivyo ukuta huo huwakinga na upepo na na mikono ya kanu. Juu yake huwekwa wavu imara, isipokuwa upande wa mvua, ambako ukuta hupandishwa na kuachwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20 tu chini ya paa, nayo huzibwa kwa wavu.
5. Paa. Paa hutokeza sentimita 30 kila upande ili mvua isiingie. Upana wa kufunikwa ni mita 2.6, hivyo mabati manne yanayofunika sentimita 75 kila moja yanatosha. Urefu wa kila bati usipungue mita 2.2. Chini ya mabati huwekwa mkeka, majani au makuti ya kupunguza joto.
6. Milango. Mlango mkubwa wa mtu huwekwa upande wa mbele kwa ajili ya kufanyia usafi, na mlango mdogo wa bata kando yake. Yote miwili hufungwa kwa bawaba na komeo la chuma. Kamba au kipande cha mti huweza kusukumwa na mnyama.
7. Ngazi. Kwa kuwa sakafu imeinuka, ubao mpana wa sentimita 40 huwekwa mlangoni kama mteremko mpole na kupigiwa vijiti vya kukanyagia. Bata hupanda mteremko mkali kwa shida.
8. Uzio wa uwanja. Wavu wa uzio huzikwa sentimita 30 ardhini kuzuia wachimbaji.

Sehemu zisizo na mawe wala saruji huweza kutumia sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi. Mbao hizo hubanana bila kuacha nafasi ya mguu wa bata kunasa.

## Hewa na joto

Bata hatoi jasho. Anapopata joto kali hupumua kwa kasi akiwa amefungua mdomo na kutandaza mabawa. Kinyesi na mkojo wake hutoa gesi ya amonia, ambayo huumiza macho na njia ya hewa. Kwa hiyo nafasi za hewa huwekwa juu, chini kidogo ya paa, ambako hewa moto na chafu hutokea bila upepo kuwapiga bata waliolala. Kipimo rahisi ni pua: mtu akiingia asubuhi akasikia harufu inayochoma, banda linahitaji hewa zaidi au matandazo mapya.

## Matandazo

Sakafu hufunikwa kwa maranda, pumba za mpunga au nyasi kavu kwa kina cha sentimita 8 hadi 10. Sehemu iliyolowa huondolewa kila siku na matandazo makavu huongezwa juu. Yanapotolewa yote, huwa mbolea nzuri ya bustani baada ya kuozeshwa.

Nyasi au pumba zenye ukungu hazifai kamwe. Kuvu Aspergillus fumigatus huingia mapafuni na kuua, hasa vifaranga. Kuvu wengine wa jamii hiyo hutengeneza sumu ya aflatoksini katika mahindi na karanga, na bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika nayo upesi zaidi. Chakula cha bata hakipaswi kuwekwa ndani ya banda lenye unyevu.

## Maji

Bata huhitaji maji yenye kina cha kuzamisha kichwa, ili asafishe pua na macho. Si lazima awe na bwawa. Karai au beseni linatosha. Chombo hicho huwekwa nje, mbali na mlango, juu ya changarawe inayopitisha maji. Kikiwekwa ndani, matandazo yote hulowa kwa usiku mmoja.

Bata waliofungiwa usiku bila maji wasiwekewe chakula kikavu, kwani huweza kukabwa nacho. Asubuhi hupewa maji kwanza.

Maji yaliyotuama yenye majani na mizoga iliyooza ni hatari. Bakteria Clostridium botulinum hutoa humo sumu inayolegeza shingo na miguu, na bata wengi hufa kwa pamoja.

## Viota na vifaranga

Bata wengi hutaga alfajiri au mapema asubuhi. Wakifunguliwa saa mbili au saa tatu asubuhi, mayai mengi hupatikana ndani ya banda badala ya kupotea vichakani. Kiota ni sanduku lisilo na ubao wa chini, lenye upana wa sentimita 40 kila upande, huwekwa pembeni penye giza na kujazwa nyasi kavu. Kiota kimoja hutosha majike watatu au wanne.

Mayai ya bata wa kawaida huanguliwa kwa siku 28, na ya Muskovi kwa siku 35. Jike anayeatamia hutengewa sehemu yake, kwa sababu majike wengine humwongezea mayai na majogoo huweza kuwakanyaga vifaranga. Vifaranga waliolelewa bila mama huhitaji joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi katika wiki ya kwanza, kisha hupunguzwa taratibu. Hawaruhusiwi kuogelea bila uangalizi, kwani manyoya yao hayajapata mafuta ya kutosha na huweza kufa kwa baridi.

## Kinga dhidi ya siafu

Banda lililoinuliwa huwekewa miguu ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo. Banda la sakafu ya zege huzungushiwa jivu pana, ambalo hurudishiwa baada ya mvua. Majani marefu yanayogusa kuta hukatwa. Msafara ukionekana karibu jioni, njia salama ni kuwahamisha bata usiku huo.

## Usafi na magonjwa

Vyombo vya maji husuguliwa kila siku. Kundi jipya hutengwa wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na la zamani. Bata wa mwitu huweza kuleta homa ya mafua ya ndege na tauni ya bata, hivyo chakula kisiachwe wazi kuwavutia. Vifo vya ghafla vya bata wengi hutolewa taarifa kwa afisa mifugo wa eneo. Kwa kuwa bata huweza kubeba bakteria wa Salmonella bila kuonekana mgonjwa, anayehudumia banda hunawa mikono kwa sabuni, na mayai ya bata hupikwa mpaka yaive kabisa.

## Mabanda ya namna nyingine

Nchini China na katika Asia ya Kusini-Mashariki banda hujengwa juu ya bwawa la samaki. Kinyesi huanguka majini na kurutubisha mimea midogo inayoliwa na samaki. Namna hiyo huhitaji idadi ya bata ilingane na ukubwa wa bwawa, kwa sababu kinyesi kikizidi, oksijeni hupungua majini na samaki hufa.

Huko Ulaya hutumika pia vibanda vinavyoelea katikati ya maji, mbali na mbweha. Kimojawapo kilijulikana sana nchini Uingereza mwaka 2009, pale magazeti yalipofichua kwamba mbunge mmoja aliomba kurudishiwa pauni 1,645 za kibanda cha aina hiyo kama gharama za kazi yake. Ombi hilo halikulipwa, lakini kibanda cha bata kikawa alama ya kashfa nzima ya matumizi ya wabunge.