Mpiga Kinanda na Sikukuu Zinazokuja

Katika makanisa mengi yuko mtu mmoja ambaye watu humsikia kila Jumapili lakini huuona mgongo wake tu. Mtu huyo ni mpiga kinanda. Akipiga vyema, waumini huimba kwa furaha, kisha huenda zao nyumbani bila kumkumbuka. Akikosea sauti moja, vichwa vyote hugeuka. Wengi wa wapiga kinanda hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Juma zima wao ni makarani, walimu au wakulima, na siku ya Jumapili huwahi kanisani kabla ya wenzao.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kazi ya watu hao, na hasa juu ya sikukuu zinazowangojea, kwa kuwa sikukuu ndizo zinazowapima. Maneno haya yamhusu apigaye kinanda kidogo cha kukanyaga mvukuto, apigaye kinanda cha umeme, na hata yule aliyejaliwa kuketi mbele ya kinanda kikubwa cha mabomba. Yawahusu pia wazee wa kanisa, maana mzigo huu si wa mtu mmoja.

SIKUKUU HAZIJI KWA GHAFULA

Mkulima mwenye busara hangoji mvua inyeshe ndipo aende kulitia jembe mpini. Vivyo hivyo, mpiga kinanda hana sababu ya kushtushwa na sikukuu, kwani tarehe zake zajulikana miaka mingi kabla.

Krismasi haihami, lakini Pasaka huhama. Kwa kanuni ya makanisa ya magharibi, huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, kama unavyohesabiwa katika majedwali ya kanisa. Kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Jumatano ya Majivu, Jumapili ya Matawi, Kupaa na Pentekoste zote huifuata Pasaka kama ndama wamfuatavyo mama yao.

Tuchukue mfano. Mwaka wa kanisa unaoanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 29 Novemba 2026, una Pasaka ya mapema, tarehe 28 Machi 2027. Jumatano ya Majivu ya mwaka huo ni tarehe 10 Februari, yaani siku 47 tu baada ya Krismasi. Mwaka unaofuata, Pasaka ni tarehe 16 Aprili 2028, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 1 Machi, siku 67 baada ya Krismasi. Tofauti ni siku 20. Mpiga kinanda anayedhani kwamba ana nafasi ile ile kila mwaka aweza kujikuta katikati ya Kwaresima, naye bado hajaufungua ukurasa wa nyimbo za Pasaka.

NYAKATI ZA KUNYAMAZA

Wako wanaodhani kwamba kazi ya kinanda ni kulia wakati wote. Sivyo. Katika Kanisa Katoliki kanuni ni kwamba wakati wa Kwaresima kinanda hupigwa kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, na katika siku za maadhimisho makuu na sikukuu. Wakati wa Majilio hupigwa kwa kiasi, ili furaha ya Krismasi isije ikamalizwa kabla ya siku yake.

Kanuni hiyo ina hekima. Sikio likinyimwa sauti kwa majuma sita, sauti hiyo ikirudi huwa mpya. Tena majuma hayo si ya kulala. Johann Sebastian Bach, aliyekuwa msimamizi wa muziki wa makanisa katika mji wa Leipzig, Ujerumani, tangu mwaka 1723 mpaka alipofariki mwaka 1750, aliishi chini ya desturi kama hiyo. Huko muziki mkubwa wa kwaya na vyombo ulinyamazishwa sehemu kubwa ya Majilio na Kwaresima. Lakini baada ya kimya cha Kwaresima, Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, watu wa Leipzig walisikia kwa mara ya kwanza muziki wake wa Mateso ya Bwana kama yalivyoandikwa na Yohana. Kazi kama hiyo haifanywi kwa usiku mmoja.

KIJANA ALIYETEMBEA KILOMITA 400

Lakini Bach hakuzaliwa bingwa, na habari ya ujana wake yatufaa kuliko ya ukubwa wake. Mwaka 1703, akiwa na umri wa miaka 18, alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la mji mdogo wa Arnstadt. Miaka miwili baadaye alisikia hamu kubwa ya kwenda kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Maria katika mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani.

Mzee huyo alikuwa na jambo ambalo lilivuta watu kutoka mbali. Katika Jumapili fulani za kabla ya Krismasi, baada ya ibada ya alasiri, alifanya muziki wa jioni kanisani. Mlangoni hapakuwa na kiingilio, kwa sababu wafanyi biashara wa mji walitoa fedha za kulipia gharama. Mwezi Desemba wa mwaka 1705 palikuwa na muziki wa pekee wa siku mbili, tarehe 2 na tarehe 3, kwa ajili ya kumlilia Kaisari Leopold aliyefariki na kumkaribisha Kaisari Joseph aliyemrithi.

Bach aliomba ruhusa ya majuma manne, akamwachia jamaa yake kinanda, akashika njia. Mwendo wenyewe ulikuwa wa kilomita 400 hivi, zaidi ya kutoka Nairobi hadi Kisumu, naye alikwenda kwa miguu. Wazee wetu husema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kijana huyu aligaagaa, na alichokipata kilimshibisha maisha yake yote.

SHAURI LA WAZEE WA KANISA

Hata hivyo, tusiache upande wa pili wa habari hii. Bach alipewa majuma manne, lakini alikaa karibu miezi minne. Majilio ikapita, Krismasi ikapita, naye hayupo. Aliporudi, baraza la kanisa lilimwita tarehe 21 Februari 1706 ili ajieleze. Alijibu kwamba alikwenda kujifunza mambo ya kazi yake, na kwamba alitumaini yule aliyeachiwa kinanda aliifanya kazi ipasavyo.

Wazee walikuwa na shtaka jingine. Walisema kwamba tangu hapo alikuwa akitia katika nyimbo madoido mengi ya ajabu na sauti ngeni, hata waumini wakachanganyikiwa wasijue waimbe nini. Tena, walisema, zamani alikuwa akipiga kwa muda mrefu mno, na alipoonywa, akageuka akapiga kwa muda mfupi mno!

Nani alikuwa na haki? Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilikuwa na haki, na zote mbili zilikosa. Kijana alikuwa na haki ya kutafuta maarifa, maana mpiga kinanda asiyewasikia wenzake hukauka kama kisima kisicho na chemchemi. Lakini alikosa kuvunja ahadi yake, na alikosa pia kuyamwaga maarifa mapya juu ya watu ambao hawajatayarishwa. Wazee walikuwa na haki ya kutetea uimbaji wa waumini. Kosa lao ni kwamba walikuwa na kito mkononi wakakiona jiwe. Mwaka 1707 Bach aliondoka Arnstadt, akaenda kufanya kazi kwingine.

Jambo hili lingali linatokea katika makanisa yetu. Kijana huenda kwenye semina, hurudi na mtindo mpya, na Jumapili ya kwanza huwavuruga akina mama waliouzoea wimbo wao kwa miaka thelathini. Yeye huona watu hawataki maendeleo, nao huona kijana amejaa majivuno. Dawa yake si ngumu. Jambo jipya na lifundishwe kwanza kwa kwaya, kisha lisikilizwe na waumini kabla ya ibada kuanza, na mwisho liingizwe katika ibada, moja baada ya jingine.

IBADA YA MASOMO TISA

Ibada mojawapo inayongojewa sana mwezi wa Desemba, hapa kwetu na katika nchi nyingine, ni ile ya Masomo Tisa na nyimbo za Krismasi. Ilianzishwa na Askofu Edward Benson huko Truro, Uingereza, usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1880, katika jengo la mbao lililotumika wakati kanisa kuu lilipokuwa likijengwa. Mwaka 1918, vita vikuu vilipokuwa vimekwisha, kasisi Eric Milner-White, ambaye alikuwa amewahudumia askari vitani, aliileta katika kanisa la King's College, Cambridge. Tangu mwaka 1928 ilianza kutangazwa katika redio, na hivyo ikajulikana duniani.

Huko Cambridge ibada huanza kwa sauti ya mtoto mmoja aimbaye ubeti wa kwanza peke yake. Kinanda hunyamaza, huingia baadaye watu wote wanapojiunga. Hapo pana somo kubwa: mpiga kinanda hodari hujua pia wakati wa kuondoa mikono yake.

Ibada hii humtaka mpiga kinanda awe macho. Masomo ni tisa, kwa hiyo ni mara tisa anapaswa kujua msomaji atamaliza kwa maneno gani. Ayaandike kwenye karatasi yake. Akumbuke pia kwamba kwaya iimbayo bila kinanda huelekea kushuka sauti kidogo kidogo, lakini kinanda hakishuki. Akiingia katikati ya wimbo bila kupima, atawafedhehesha.

MAKUNDI MATATU YALIYOUNGANA

Yuko atakayesema, "Kanisa letu ni dogo, nami ni peke yangu." Basi na asikie habari za Gloucester, Hereford na Worcester, miji mitatu ya Uingereza. Kwaya za makanisa makuu ya miji hiyo zilianza kukutana kila mwaka mapema katika karne ya 18, zikipokezana zamu ya kuwa mwenyeji. Mwaka 2015 walisherehekea kutimia kwa miaka 300 ya mkutano huo. Umepata kusimama wakati wa vita vikuu viwili, kisha ukaendelea.

Mambo haya hayahitaji kanisa kuu la mawe. Parokia tatu jirani zaweza kukubaliana kukutana Jumamosi moja kabla ya Majilio na nyingine kabla ya Kwaresima, wakipokezana zamu. Mpiga kinanda mmoja akipiga, wawili wamsikilize, kisha wabadilishane. Jioni kwaya tatu ziimbe pamoja. Gharama yake ni nauli na chai.

YAFAAYO KUFANYWA SASA

Kwa wapiga kinanda twasema hivi. Mwezi mmoja kabla ya sikukuu, fungueni kinanda mkitazame. Kinanda cha mvukuto hupatwa na vumbi katika ndimi zake za shaba, na panya hupenda kuguguna ngozi. Wenye kinanda cha umeme, ifundisheni kwaya kuimba bila chombo, maana umeme haujui kwamba ni Krismasi. Kumbukeni kwamba kanisa lililojaa watu humeza sauti kuliko lile tupu mlilofanyia mazoezi, na kwamba umati mkubwa huburuta mwendo. Shikeni mwendo bila kukimbia, na kati ya beti waacheni watu wavute pumzi.

Kwa wazee na wachungaji twasema hivi. Mpeni mpiga kinanda orodha ya nyimbo mapema. Nani hajaona kikaratasi cha namba za nyimbo kikipelekwa kwenye kinanda huku kengele inalia? Aibu inayofuata humwangukia mpiga kinanda, lakini kosa si lake. Mpeni pia msaidizi wa kujifunza kwake, ili naye apate ruhusa ya kwenda kuwasikia wengine. Wafanyi biashara wa Lübeck walitoa fedha ili mji mzima usikie muziki bila malipo. Kanisa lisiloweza kutoa nauli ya mtu mmoja mara mbili kwa mwaka lisilalamike kwamba nyimbo zake ni zile zile.

Siku ya sikukuu itafika, tuwe tayari au tusiwe tayari. Watakuja watu ambao hawaonekani kanisani miezi kumi na miwili: waliofiwa mwaka huo, waliokosana na ndugu zao, na vijana waliorudi kutoka mijini. Wengi hawatakumbuka mahubiri, lakini wimbo watakwenda nao njiani. Yule ambaye watauona mgongo wake tu ndiye atakayewashika mkono katika ubeti wa kwanza. Na asaidiwe mapema.