Pishi, Galoni na Lita: Je, Fitri Yako Imetimia?



Ramadhani inapoelekea ukingoni, swali moja hunijia kila mwaka, na aghalabu huletwa na akina mama, kwani wao ndio washika vipimo majumbani. Mwaka jana mama mmoja alinijia baada ya darsa, mkononi ana kopo la bati alilorithi kwa mama mkwe wake. Kopo hilo nyumbani kwao huitwa pishi. Kila usiku wa Idi hulijaza mchele, akaufuta juu kwa kiganja ukawa sawa na mdomo wa kopo, kisha akamtolea kila mtu wa nyumba yake kopo moja. "Maalim," akaniuliza, "hii ndiyo pishi ya Mtume?"

Nilimwomba aniachie lile kopo hadi kesho yake. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikawa najaza na kuhesabu. Chupa nne ziliingia zote, na ya tano ikaingia nusu na ushei. Hapo nikajua nina nini mkononi: nusu galoni ya Kiingereza, yaani takriban lita 2.27.

Wazee wetu walihesabu vibaba vinne kuwa pishi moja, na zama za Waingereza wakazoea kuilinganisha pishi hiyo na nusu galoni. Galoni yenyewe iliwekwa na Bunge la Uingereza mwaka 1824, kwa kukadiria ujazo wa maji yenye uzito wa ratili 10. Ni sawa na lita 4.546. Ndani yake mna painti 8, na kila painti ni mililita 568. Hata debe letu lina nasaba hiyo: debe la mafuta ya taa lilikuwa la galoni nne, na ndiyo maana likipimwa leo hutoa lita 18 na kidogo, wala si 20 kama mtungi wa plastiki.

Ama kipimo cha fitri, asili yake ni swaa ya watu wa Madina, nayo ni mudi nne. Vitabu vyetu vya Kiswahili vimezoea kuifasiri swaa kwa neno "pishi", na hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa kudhani kuwa majina yakilingana basi na vyombo vimelingana. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameikadiria swaa kuwa karibu lita 2.75, ingawa wako waliozidisha na waliopunguza. Tukishika kadirio hilo, kopo la yule mama lina upungufu wa karibu nusu lita kwa kila mtu. Nyumba yake ina watu sita. Makopo sita ya lita 2.27 ni lita 13.6, ilhali swaa tano ni lita 13.75. Kwa hiyo nyumba ya watu sita ilikuwa ikitoa fitri ya watu watano, na hiyo nayo haikutimia.

Msidhani kuwa jambo hili ni geni. Imepokewa kwamba Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imamu Abu Hanifa, alikuwa akiihesabu swaa kuwa ratili nane za Iraki. Alipofika Madina akalizungumza na Imamu Malik, wakaletwa watu wenye vyombo walivyorithi kwa baba na babu zao tangu zama za Mtume (s.a.w.). Abu Yusuf akavipima, akavikuta ni ratili tano na thuluthi, akaiacha kauli yake ya zamani. Hakuona haya kurejea, ilhali ni kadhi mkubwa. Sisi tunaona haya gani kulipima kopo la jikoni?

Njia ni nyepesi. Chukua sufuria, umimine chupa tano na nusu za maji ya nusu lita, kisha utie alama pale maji yalipofika. Mwaga maji, ikaushe, ujaze mchele hadi kwenye alama. Hicho ndicho kipimo chako cha kila mwaka. Kama una kibaba cha zamani, kipime kwa njia hiyo hiyo, na ukumbuke kuwa kibaba cha mfuto si sawa na kibaba cha tele.

Ziko tahadhari tatu. Ya kwanza, lita si kilo. Lita ya maji ndiyo hufikia kilo moja. Lita ya mchele haifiki, na ya unga ni nyepesi zaidi. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kinachotegemewa katika swaa ni ujazo, kwa kuwa nafaka hutofautiana uzito. Wanaotangaza kilo mbili na nusu za mchele au zaidi wamechukua hadhari, na kuzidisha hapa ni kheri.

Ya pili, galoni ziko mbili. Ya Marekani ni lita 3.785, na kikombe chao cha kupimia ni takriban mililita 237. Dada aliyeko huko akikutumia kipimo cha keki kwa vikombe, usitumie kikombe chako cha chai ukategemea matokeo yale yale.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo ni dawa ya mtoto. Kijiko kidogo cha dawa ni mililita 5, na kikubwa ni 15, lakini vijiko vya kabatini hutofautiana sana. Tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa. Na chupa za maziwa za watoto huwa na aunsi upande mmoja na mililita upande wa pili. Aunsi moja ni karibu mililita 30. Hakikisha unasoma upande uliokusudiwa.

Yule mama nilimrudishia kopo lake. Nikamwambia kwamba twataraji hana dhambi, kwani hakukusudia, lakini haki ya maskini haiondoki kwa kutojua. Nikamshauri aukadirie upungufu wa miaka iliyopita na autoe. Alihesabu pale pale kwa vidole, akasema, "Basi Maalim, ni gunia dogo tu." Naye alilitoa kabla ya mwezi kuandama.

Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wapunjao vipimo. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza duka. Tuisome pia tukiwa tumeshika kopo letu wenyewe.

Wallahu a'lam.