Fundi Kijana, Pesa Yako Iende Pale Chuma Kinaposhika Bolti

Kijana anayehitimu ufundi wa magari hapa Kolwezi hakosi kazi ya kujifunzia. Barabara ya kutoka hapa kupitia Likasi hadi Lubumbashi, kama kilomita 300, hupitisha malori ya shaba na kobalti usiku na mchana. Kuna Land Cruiser za migodini, kuna Toyota ndogo za teksi, na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Kinachomtesa ni vifaa. Sokoni anaoneshwa sanduku linalong'aa, lenye vipande zaidi ya mia, kwa bei ya spana chache nzuri. Analibeba kwa furaha, na baada ya muda mfupi nusu ya vipande vimepanuka midomo. Nawaonea uchungu vijana hawa, maana ile ndiyo akiba yao yote.

Kanuni yangu ni hii: lipa zaidi kwa kifaa kinachogusa bolti moja kwa moja, halafu banabana matumizi kwa vingine.

Sababu ni rahisi kuiona. Kichwa cha bolti kina pande sita. Soketi nzuri ya pembe sita hubana zile pande zenyewe, lakini ile ya pembe kumi na mbili hushika karibu na kona. Bolti ikiwa na kutu na soketi ikiwa na ulegevu, kona ndizo zinazolika. Tazama nati ya paipu ya breki kwenye Toyota, ya milimita 10. Ni laini na ndogo. Spana ya mdomo wazi inaishika pande mbili tu. Ukivuta kwa nguvu, mdomo unapanuka kidogo na nati inakuwa duara. Kazi ya dakika chache sasa inadai paipu mpya. Kwa nati hii tafuta spana maalumu ya paipu, inayofanana na ringi iliyokatwa upande mmoja: inapita juu ya paipu kisha inaizunguka nati karibu yote.

Usianze na vipande mia. Kwa Toyota, spana (sisi husema kle) za 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zinafanya sehemu kubwa ya kazi, na soketi ya 21 inafungua nati za magurudumu. Ukihamia malori ya Ulaya au China, ongeza 13, 16 na 18. Bisibisi ya nyota nayo ina mambo yake: skrubu nyingi za Kijapani zimechongwa kwa kipimo cha JIS, na bisibisi ya Phillips huteleza humo na kuharibu kichwa.

Dukani, usiridhike na maneno Chrome Vanadium yaliyochapwa kwenye mpini. Kuchapa maneno hakugharimu kitu. Nenda na bolti mpya mbili, ya kichwa cha 10 na ya 14, uzivalishe spana. Ikicheza sana, rudisha. Angalia kama kromu ina malengelenge au imeanza kumenyuka, na kama midomo yote miwili imechongwa sawa. Racheti izungushe taratibu karibu na sikio: kila jino lishike, lisiruke. Spana kuukuu ya kiwanda kinachojulikana, ikiwa mdomo haujapanuka wala kupasuka, inaweza kuizidi mpya isiyojulikana ilikotoka.

Soketi ya kromu usiivalishe kwenye mashine ya kugonga ya upepo. Inaweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Mashine hiyo ina soketi zake nyeusi, nene. Na bolti ikikatikia ndani ya injini, nunua keekee ya chuma chenye kobalti ya asilimia 5 au 8. Madini ya ardhi yetu hii ndiyo yanayoifanya ibaki ngumu hata ikipata moto.

Ukipata pesa kidogo zaidi, nunua spana ya kupimia nguvu ya kukazia. Nati za magurudumu za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Land Cruiser ina kipimo chake, kisome kwenye kitabu cha gari. Baada ya kazi irudishe spana hiyo kwenye kipimo chake cha chini kabisa, usiiache springi imebanwa.

Nyundo, brashi na beseni la oili nunua vya bei nafuu bila wasiwasi. Jeki na stendi, hapana. Hizo hazishiki bolti, zinashika uhai wako: usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Kwa hiyo, usitafute sanduku zima kwa siku moja. Kila kazi iliyolipwa itoe kifaa kimoja kizuri, ukianzia na spana ya 10, maana ndiyo utakayoishika kuliko zote.