Inama Uangalie Chini ya Milango

Ukizunguka yadi za magari yaliyotumika Dar es Salaam au Mombasa, usiishie kutazama kioo na viti. Inama. Kwenye ukanda wa bati ulio chini ya milango, kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma, mara nyingi utakuta rangi nyeusi nzito, yenye vipele. Muuzaji atakwambia ni kinga ya kutu. Huenda ni kweli. Huenda pia kutu iko ndani yake, inaendelea kula.

Hakuna sehemu ya bodi inayoteswa kama hiyo. Tairi la mbele huirushia kokoto na tope mchana kutwa, na rangi ya kiwandani ikibanduka hata kwa ukubwa wa punje ya mtama, bati huanza kupata maji na hewa. Pwani kuna chumvi pia. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kutu ni mchakato wa kikemia unaokwenda kwa umeme huo mdogo. Isitoshe, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati linaweza kulowa hata siku isiyo na tone la mvua.

Magari mengine hufika na chumvi kutoka yalikotoka. Huko Japani, hasa Hokkaido na mikoa mingine ya theluji, barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Anayeagiza gari mnadani aombe karatasi ya ukaguzi na asome alama zake: S huonyesha kutu, C huonyesha kutu iliyokwisha kulila bati.

Wengi hudhani hayo ni mambo ya urembo. Sivyo. Gari dogo lisilo na chesisi hubebwa na bodi yenyewe, na ukanda ule ni mmoja wa mifupa yake. Ndipo jeki inapowekwa. Ukioza, jeki huzama kwenye bati, na siku ya ajali hauhimili kishindo inavyopaswa.

Sasa dawa. Ile ya asili ya lami ni ya bei nafuu, lakini ikizeeka hukauka na kupasuka. Maji hupenya nyuma yake yakakosa pa kutokea. Bora zaidi ni rangi za poliyurethani, za aina iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu ya mizigo ya pikapu. Raptor ya kampuni ya Uingereza U-POL, kwa mfano, huchanganywa sehemu tatu za rangi kwa moja ya kikaushio, ikapulizwa kwa bunduki yake. Ikikauka huwa ngumu na ya kukwaruza, na kokoto hupata tabu kuibandua.

Lakini rangi hushika kile kilicho chini yake. Ikipulizwa juu ya kutu, itabanduka pamoja na magamba ya kutu. Kazi yenyewe basi ni ile isiyopendwa: kuosha mafuta, kukwangua kutu mpaka chuma kionekane, kukata bati bovu na kuchomelea jipya, kupiga msasa, kisha praima ya epoksi. Fundi anayekuahidi kumaliza yote kabla ya chakula cha mchana ana mpango wa kuruka kitu.

Tena ukanda huo ni mtupu ndani, na kutu nyingi huanzia huko. Una vitundu vya kutolea maji, na mafundi wengine huviziba kwa rangi ileile wanayoiita kinga. Ndani hupulizwa nta maalumu, inayotambaa hadi kwenye maungio.

Rangi zile za poliyurethani huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mpulizaji pumu. Kitambaa puani hakisaidii kitu. Panahitajika barakoa yenye vichujio vya kemikali au ya kupitishiwa hewa safi. Kijana anayepuliza kifua wazi kwenye gereji isiyo na dirisha analipia gari lako kwa mapafu yake.

Ukitoka ufukweni, osha uvungu wa gari kwa maji ya bomba na uzibue vile vitundu. Na ukipeleka gari kupulizwa, mwambie fundi akupigie simu bati likiwa tupu, kabla ya mkono wa kwanza wa rangi. Akikataa, ondoa gari lako.